Herufi Zilizochoka Njiani

Miaka ile nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa siku moja, ule ambao mtu analala nao na kuamka bila nao. Nasema uchovu uliohamia miguuni ukakaa, hata nikausahau, nikadhani ndivyo miguu ilivyo.

Nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya misheni huko Muleba, juu mlimani, mahali ambapo ukungu haubanduki kwenye migomba mpaka jua liwe limepanda sana. Uhuru tulikwisha kuupata na kuuchezea ngoma. Sasa ilikuwa kazi. Asubuhi nilikuwa wodini. Jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima, kwa sababu nilikuwa nimefika darasa la nane na kijijini kwetu wanawake waliofika huko hawakuwa wengi. Baadaye lilipokuja azimio la ujamaa, Jumamosi nazo zikawa za shamba la kijiji, na balozi wa nyumba kumi alisimama kwenye kona ya shamba akitazama nani amekuja na jembe na nani ameleta udhuru. Nyumbani alikuwapo mama yangu, mjane, na shamba lake la migomba na kahawa ambalo halikujua kwamba mimi nina kazi nyingine.

Muuguzi mkuu wetu alikuwa mama wa Kijerumani, mtumishi wa kanisa letu la Kilutheri ambaye hakuolewa. Sote tulimwita Sista. Alikuja kwetu kabla ya uhuru na alikuwa ameshazeeka kidogo. Wakati wa mvua alivaa viatu vya mpira vya kiume, na mfukoni alikuwa na buni za kutafuna kama mzee yeyote wa Kihaya. Kiswahili alikijua kwa kukisomea, na alikiongea kama mtu anayesoma kitabu kwa sauti. Kihaya alikiokota wodini, kwa wanawake waliokuja kujifungua, kwa hiyo kilikuwa Kihaya cha vitu vya karibu: maji, maumivu, mtoto, njaa, sukuma, vumilia.

Hospitali iliamua kunipeleka Ujerumani nikasomee ukunga. Sharti lilikuwa kwamba nijue lugha yao kwanza. Basi Sista akaanza kunifundisha baada ya zamu, katika chumba cha nguo, tukiwa tunakunja bandeji zilizofuliwa. Hatukuwa na muda mwingine. Mikono yetu ilifanya kazi na midomo ikajifunza.

Kijerumani kilinishinda. Maneno yalikuja leo na kesho yameondoka. Sista aliponiona nimelegea, aliweka bandeji chini akasema nisihangaike kukariri kila neno, kwa sababu Kiingereza nilichokisoma shuleni na Kijerumani ni ndugu, tena ndugu wa tumbo moja. Nikisahau neno la Kijerumani, nichukue la Kiingereza nilibadilishe herufi. Penye “t” niweke “s” au “ts”: “water” itakuwa “Wasser”, “ten” itakuwa “zehn”, ambalo kinywani ni “tsen”. Penye “p” niweke “f” au “pf”: “open” ni “offen”, “sleep” ni “schlafen”, “apple” ni “Apfel”. Penye “d” niweke “t”: “day” ni “Tag”, “door” ni “Tür”.

Nilijaribu mwenyewe. Nikasema “tongue”, ulimi, nikabadilisha mwanzo wake, nikapata “tsunge”. Sista akacheka. Lilikuwa sahihi, na mimi sikuwa nimewahi kulisikia.

Nikamuuliza nani aliyezibadilisha herufi hizo. Alisema hakuna aliyeamua. Zamani sana, zaidi ya miaka elfu iliyopita, watu wa kusini, wa upande wa milimani, walianza kutamka hivyo, na majirani zao wakafuata, na majirani wa majirani. Tabia ile ikapanda kaskazini kijiji kwa kijiji. Kila ilipofika iliacha kitu nyuma: mahali fulani watu walibadilisha “t” lakini “k” wakaiacha, mahali pengine wakabadilisha neno moja tu na mengine wakayabakiza.

“Ilichoka njiani,” alisema. “Kwetu, kwenye tambarare karibu na bahari, haikufika kabisa.”

Hapo ndipo alipoanza kunieleza habari za kwao. Nyumbani kwao, kwa baba na mama yake waliofuga ng’ombe, hawakuongea Kijerumani cha vitabuni. Waliongea lugha ya tambarare, na maji waliyaita “water” kama Waingereza, kulala ni “slapen”, mlango ni “Döör”, na kitu kilicho wazi walikiita “apen”. Alipoanza shule mwalimu alimchapa kwa kuyasema hayo darasani. Nikamwambia kwamba sisi tulivishwa kibao shingoni tukikamatwa tunaongea Kihaya. Alichukua bandeji nyingine akaendelea kukunja.

Aliniambia pia kwamba kabla ya mabadiliko hayo yalikuwapo mengine ya zamani zaidi, na hayo yaliwakumba wote, Waingereza, Waswidi na wao. Alinikumbusha majirani zetu Wakatoliki, ambao siku zile bado walisali kwa Kilatini. Wao husema “Pater” wanapomwita Mungu Baba. Kiingereza ni “father”, na Kijerumani ni “Vater”, ambalo linatamkwa kwa “f”. Ile “p” ya kale iligeuka “f” kwao wote. Jumapili iliyofuata nilipita nje ya kanisa la Wakatoliki nikitoka ibadani kwetu, nikawasikia wanaimba “Pater noster”, nikasimama barabarani nikisikiliza herufi moja tu.

Kisha safari ikafa. Serikali yetu na serikali ya kwao zilikosana kuhusu Ujerumani zile mbili, ipi itambuliwe hapa na ipi isitambuliwe. Nafasi yangu ikasitishwa kwanza, halafu ikasahauliwa. Daktari wetu, Mswidi mpole ambaye alikuwa tabibu pekee wa wilaya nzima, aliniita akaniambia amesikitika. Nilimjibu kwamba si neno. Nilirudi wodini nikamwosha mgonjwa niliyekuwa nimemwacha. Mama aliposikia alisema bora nibaki, kwa sababu migomba ilikuwa imeanza kuliwa na fukusi. Sikulia. Nadhani sikuwa na nguvu za kulia.

Hata hivyo niliendelea kwenda kukunja bandeji na Sista. Kazi ilikuwa ileile, na tulikuwa tumezoea kuongea.

Jioni moja kwenye kisomo, mama mmoja wa makamo alisimama ubaoni kuandika sentensi niliyomtajia, ya mtu kuwapa wenzake ndizi. Akaandika “kuwaha” badala ya “kuwapa”. Wenzake walicheka, naye akaona haya. Nilimsahihisha na kumwambia akae. Lakini nikiwa njiani kwenda nyumbani neno lile lilinirudia. Mama yule hakukosea ovyo. Kupa kwa Kihaya ni “okuha”. Aliandika alichokijua. Nikaanza kutafuta mengine huku natembea. Kupindua ni “okuhindula”. Kupumua, kupumzika: sisi husema “okuhumula”. Penye “p” ya Kiswahili, Kihaya kina “h”.

Kesho yake nilimwambia Sista. Aliketi juu ya kikapu cha nguo. Akasema basi hata huku, hata sisi, ni ndugu wa tumbo moja waliobadilisha herufi. Kisha akafikiri akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. Wagonjwa wanapoomba maji, mbona wanasema “mpa”, yaani nipe? Kama “p” yote iligeuka “h”, hiyo imebakia vipi?

Tulikunja bandeji hadi zikaisha bila jibu. Nililipata baadaye, nikiwa napalilia shamba la ujamaa, mgongo unauma na balozi anatazama. Katika “mpa” ile “p” haiko peke yake. Imetanguliwa na “m”, midomo imekwisha kufungwa, haina nafasi ya kuponyoka na kuwa pumzi tupu. “M” imeikinga. Nilipomweleza Sista, alipiga goti lake kwa kofi. Alisema kwao ni vilevile. Neno la jiwe kwa Kiingereza ni “stone”, kwa Kijerumani ni “Stein”, na “t” yake haikuguswa kwa sababu ilitanguliwa na “s”. Siku ile tulifurahi sana, wanawake wawili waliochoka, kwa ajili ya kitu kisichoweza kuliwa wala kuvaliwa.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja ya mvua, katika chumba cha kuchemshia sindano. Nilisikia sufuria ikianguka. Tulipoingia alikuwa chini, amevaa vile viatu vyake vya mpira, na mkono wake wa kulia haukumtii. Tulimbeba tukamlaza katika chumba kidogo mwisho wa wodi ya wanawake. Daktari alimpima, akatoka akasimama ukumbini akiwa ameshika ukuta. Hakuwa na la kufanya, alisema, ila kungoja.

Alipoanza kuongea tena, hatukumwelewa. Sisi tulimsemesha kwa Kiswahili akatutazama kama watu wasiojulikana. Daktari alimsemesha kwa Kijerumani cha vitabuni, polepole, naye akageuza uso ukutani kwa hasira. Wauguzi walianza kunong’ona kwamba akili imeruka.

Nilikuwa nambadilishia shuka aliposema “water”. Mwenzangu alidhani ni Kiingereza, na mimi pia nilidhani hivyo. Kisha akanyoosha mkono wake mzima kuelekea mlangoni akasema “apen, apen”. Niliacha shuka. Si Kiingereza hicho. Nikaufungua mlango, upepo wa mvua ukaingia, naye akafumba macho, uso ukalegea.

Nilimwambia daktari kwamba Sista anaongea lugha ya kwao ya utotoni, ile ya tambarare. Alielewa mara moja. Alisema hata kwao Uswidi herufi zile hazikubadilika, wao nao husema “öppen”, ila alikuwa amemngojea aongee Kijerumani na masikio yake hayakuwa tayari kwa kitu kingine. Akarudi chumbani akamsemesha Kiswidi chake, taratibu, na nusu ya maneno yakafika.

Lakini daktari alikuwa na wilaya nzima. Kwa hiyo nilipangiwa mimi. Ikawa natoka zamu, naingia kwa Sista, natoka kwa Sista, nakwenda kwenye kisomo, narudi nyumbani na kukuta mama ameacha kuni nje nizipasue. Kila neno alilolisema nililibadilisha herufi kichwani kama alivyonifundisha, nikilipeleka kwenye Kijerumani, nikilirudisha kwenye Kiingereza, mpaka nilipate. “Slapen”: anataka kulala. “Melk”: maziwa. Mengine sikuyapata kamwe, nikawa naleta kitu hiki na kile hadi anyamaze. Nilikuwa na uchungu, siwezi kusema sikuwa nao. Lugha ile nilijifunza ili iniondoe Muleba, na sasa ndiyo iliyonifunga kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda.

Mama yangu alikuja kunitazama, kwa sababu nilikuwa silali nyumbani siku nyingine. Alileta ndizi za kupika na uji ndani ya chupa ya chai. Alikuwa akimfahamu Sista tangu alipomsaidia kujifungua mtoto wake wa mwisho, ambaye hakuishi. Aliketi kitandani bila kuuliza, akamwinua kichwa na kumpa pole kwa Kihaya, kwa sauti ileile anayompa kila mtu.

Sista alimtazama. Kisha akasema, bila kukwama, “Mpa amaizi.”

Nipe maji. Mama alimnywesha, akamfuta kidevu kwa kitenge chake. Mimi nilisimama pale nimeshika bakuli. Kiswahili cha mitihani kilikuwa kimeondoka, Kijerumani cha shule kilikuwa kimeondoka, na vilivyobaki vilikuwa viwili: alichonyonya kwa mama yake na alichookota kwa mama zetu.

Mama hakuona ajabu yoyote. “Mbona mnasema haongei?” aliniuliza tulipotoka nje. “Anaongea vizuri. Ninyi ndio mnamsemesha vibaya.”

Tangu siku hiyo nilimsemesha Kihaya. Mazungumzo hayakuwa marefu, lakini yalikuwa mazungumzo. Mama alikuja kila alipopata nafasi, na wakati mwingine nilimwachia kiti nikajilaza sakafuni juu ya mkeka.

Kanisa la kwao lilitaka arudishwe. Daktari alisema hapa hatuna vifaa, na kule ana dada yake na nyumba ya kutunzia wazee. Hakujua namna ya kumwambia. Aliniomba mimi. Nilimjibu kwamba sitaweza, naye akasema hakuna mwingine, na ilikuwa kweli.

Niliingia mchana, jua likiwa limejaa chumbani. Nilimwambia kwa Kihaya kwamba atasafiri, atapanda meli, kisha ndege, atafika kwao. Alitikisa kichwa. Nilimwambia dada yake anamngoja. Akatikisa kichwa tena, kwa nguvu, na mate yakamtoka. Sikuwa na maneno mengine. Nikamwambia amefanya kazi sana, na sasa anakwenda okuhumula.

Alitulia. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima na kuugeuza, akatazama kiganja changu na malengelenge ya jembe.

“Na wewe,” aliniuliza kwa Kihaya, “utapumzika lini?”

Nilikaa naye mpaka akasinzia, kisha nikatoka nikamwambia daktari kwamba amekubali. Sijui kama alikubali.

Tulimpeleka Bukoba kwa gari la hospitali, amelazwa nyuma juu ya godoro, mimi nimekaa kando nikimshika asitupwe na mashimo. Barabara ilikuwa mbaya kutokana na mvua. Kemondo tulisimama ili dereva amimine maji kwenye injini, na upepo wa ziwa ulipoingia garini Sista alifungua macho akasema neno la kwao ambalo sikulijua. Nilijaribu herufi zote. Halikukubali.

Tulilala Hamugembe, pembeni mwa mji, kwa shangazi yangu, na siku iliyofuata alasiri tukateremka bandarini. Mke wa daktari ndiye aliyesafiri naye, kwa kuwa alikuwa akienda likizo. Wapagazi walimpandisha kwa machela. Nilitaka kumwambia kitu, lakini watu walikuwa wengi, kuna mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na watoto wanaolia, na machela ilipita haraka. Nilimwona amegeuza uso anatafuta. Niliinua mkono. Sina hakika kama aliniona.

Nilirudi Muleba kwa basi, nimesimama hadi Kemondo ndipo nikapata kiti, na nikalala usingizi mzito mpaka kondakta akaniamsha kituo changu kikiwa kimepita. Nilitembea kurudi.

Baada ya mwaka hivi daktari mwenyewe alikwenda likizo, akapita kumsalimia. Aliporudi aliniita ofisini akanieleza. Sista alikuwa amefariki muda mfupi baada ya yeye kumtembelea. Alikuwa katika nyumba ya wazee karibu na bahari, na watumishi wa pale walikuwa wenyeji, wakiongea lugha yake ya utotoni, hivyo walielewana vizuri. Tatizo lilikuwa moja. Mara kwa mara alisema maneno ambayo hakuna aliyeyajua, na alipoyarudia bila kujibiwa alikasirika akagonga kitanda. Wao waliona ni maradhi ya ubongo.

“Niliwaambia ni Kihaya,” daktari alisema. “Waliniuliza maana yake. Sikujua. Miaka yote hii, nami sikujua.”

Nilimuuliza kama anakumbuka maneno yenyewe. Hakukumbuka.

Nilipompelekea mama habari, alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. Sufuria ilipojaa akasema kwamba ni vibaya kuomba kitu na watu wakakutazama tu. Baadaye akaniambia nikalete maji ya kupikia.

Ukunga niliusomea mwishowe, hapahapa nchini, kwa Kiswahili, nikiwa mkubwa kuliko wanafunzi wenzangu wote. Daktari aliondoka, akaja mwingine, kijana wetu mwenyewe aliyesoma Dar es Salaam. Shamba la ujamaa lilipungua watu, kisha likarudiwa na nyasi. Hospitalini wakaanza kuletwa wauguzi wasichana kutoka mbali, Musoma, Mbeya, Lindi, ambao Kihaya hawakukijua hata kidogo, na wazee wetu wodini Kiswahili kiliwapiga chenga. Mimi ndiye niliyepewa kuwazoesha.

Niliwaambia kwamba penye “p” yao wasikilize “h” yetu, na wakisikia “mpa” walete maji kwanza, maswali baadaye. Wengi walisahau kabla ya chakula cha mchana. Mmoja, msichana wa Lindi, alilipenda jambo hilo, akawa ananifuata wodini akijaribu kila neno linalomjia, mengine akiyabuni kabisa, mpaka wagonjwa wakawa wanamcheka. Siku moja aliniuliza kama njia hiyo inafaa kwa maneno yote. Nikamwambia hapana, mengine ni ya kukariri tu. Akasema sawa, akashika upande wake wa shuka, nami nikashika upande wangu.